Sauti katika uganga wa runi: beti, silabi au wimbo wa kikundi?

Mtu akishazifahamu runi 24 za futhark ya kale, yaani herufi za alfabeti ya zamani ya watu wa kaskazini mwa Ulaya, swali linalofuata ni moja: nizitamkeje? Hapo ndipo ushauri unapoanza kugongana. Yupo atakayemwambia avute sauti ya runi moja kwa pumzi ndefu mpaka kifua kitetemeke. Yupo atakayemwambia aghani beti za Kinordiki cha kale. Mwingine atamkabidhi ngoma na kumtafutia wenzake wa kuitikia. Na kila mmoja ataapa kwamba hivyo ndivyo walivyofanya Waviking.

Haiwezekani wote wakawa sahihi. Njia hizi zina umri tofauti, zina kazi tofauti, na mojawapo haihusiani na runi hata kidogo. Msimamo wangu niuweke wazi mapema ili msomaji ajue ninakompeleka: anayetaka kitu cha kale aanze na beti. Silabi moja moja ni zoezi zuri la pumzi, lakini limezaliwa juzi. Wimbo wa kikundi ni wa kale na unapendeza kuliko vyote, ila ukiuchukua usiuite uganga wa runi.

Beti: mkono unachonga, mdomo unaghani

Galdra ni maneno ya nguvu yanayoghaniwa, na ndiyo njia yenye ushahidi mwingi zaidi. Tazama Egill Skallagrímsson, mshairi na mpiganaji wa Iceland, akiwa karamuni katika kisiwa cha Atley, Norwei. Mwenyeji wake Bárðr na malkia Gunnhildr wanamtilia sumu kwenye pembe ya kinywaji. Egill anachomoa kisu, anajichoma kiganja, anachonga runi juu ya pembe, anazipaka damu yake, kisha anaghani ubeti. Pembe inapasuka na kinywaji kinamwagika chini.

Angalia mpangilio: kisu, damu, kisha ubeti. Hayo yamo katika saga yake, yaani simulizi refu la kale la Iceland. Saga ya Grettir ina mpangilio karibu na huo. Mwanamke mzee Þuríðr anachukua gogo la mti lililoletwa na maji, anachonga runi kwenye mzizi wake, anazipaka damu yake, anatamka galdra, halafu analizunguka kinyumenyume kwa kufuata upande usio wa jua huku akisema maneno mengi mazito. Gogo linasukumwa baharini, linafika kisiwa cha Drangey alikojificha Grettir, na Grettir anapolikata kwa shoka, shoka linateleza na kumjeruhi mguu. Jeraha hilo ndilo lililofungua njia ya kifo chake.

Kuna mahali ambapo Egill anageuza mpangilio. Anaposimamisha nguzo ya laana dhidi ya mfalme Eiríkr na malkia huyohuyo, akiwa amechomeka kichwa cha farasi juu yake, anatamka apizo kwanza kwa sauti, kisha ndipo anachonga runi zenye maneno yaleyale. Kwa hiyo anayedai kwamba lazima uchonge kwanza, au lazima useme kwanza, anajitungia sharia. Kinachobaki palepale ni kwamba sauti inabeba maneno yenye maana, tena yaliyopangwa kishairi.

Tahadhari moja hapa. Saga hizi ziliandikwa Iceland kuanzia karne ya 13, nchi ikiwa ya Kikristo kwa miaka mia mbili na zaidi, ilhali Egill aliishi karne ya 10. Ni kumbukumbu iliyopita midomo mingi. Lakini tuna vitu vya kushika mkononi pia. Baada ya moto wa 1955 kuunguza sehemu ya Bryggen, mtaa wa wafanyabiashara wa Bergen, Norwei, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua mamia ya vijiti vyenye runi. Vingi ni mambo ya kila siku: lebo za mizigo, matusi, mapenzi. Kimoja cha karne ya 14 kina galdra inayoanza hivi:

Ríst ek bótrúnar,
ríst ek bjargrúnar,
einfalt við álfum,
tvífalt við trollum,
þrífalt við þursum.

Yaani: nachonga runi za tiba, nachonga runi za uokozi, mara moja dhidi ya maalfa, mara mbili dhidi ya matroli (viumbe wa ngano za kaskazini), mara tatu dhidi ya majitu. Isome kwa sauti, hata kama hujui neno moja. Mstari wa pili unarudia wa kwanza ukibadilisha neno moja tu, kama mtu anayegongelea msumari. Kisha hesabu inapanda: moja, mbili, tatu. Na kila mstari umefungwa kwa sauti za mwanzo wa maneno: t na t katika tvífalt na trollum, þ na þ katika þrífalt na þursum, na irabu kwa irabu katika einfalt na álfum, maana katika ushairi huu irabu yoyote inalingana na nyingine. Sikio lililozoea vina vya mwisho litatafuta kina lisikione, kwa sababu kimekaa kichwani. Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland aliyeuawa mwaka 1241, aliorodhesha bahari hii ya mistari inayorudiwa katika kazi yake juu ya ushairi na kuiita bahari ya galdra. Unajua, basi, kwamba unaposhika mtindo huu umeshika kitu ambacho watu wa wakati ule wenyewe walikitambua.

Wanaovutiwa na Hávamál, shairi la kale la Kinordiki, wataniuliza kuhusu zile nyimbo 18 za mungu Odin. Ni kweli zimetajwa, baada ya simulizi la Odin kuning'inia mtini usiku tisa na kuziokota runi huku akipiga ukelele. Lakini soma vizuri: shairi linaeleza kila wimbo unafanya nini, halisemi maneno ya wimbo wenyewe. Mmoja hukata pingu, mwingine hutuliza upepo baharini, wa 11 huimbwa chini ya ngao marafiki wakienda vitani. Wa 12 ndipo Odin anaposema anachonga na kuzipaka rangi runi mpaka maiti aliyenyongwa ashuke na kuzungumza naye. Kwa hiyo ukiuziwa "maneno halisi ya nyimbo 18", ujue yametungwa na muuzaji.

Runi na maneno vilikuwa na hatari yake pia, na hilo linafaa kumwongoza anayechagua. Egill alifika nyumba moja njiani kwenda Värmland akakuta binti, Helga, hoi kitandani. Kijana mmoja aliyemtaka alikuwa amechonga runi kwenye kipande cha mfupa wa nyangumi, akakosea, na badala ya mapenzi akaleta ugonjwa. Egill alizikwangua runi zikaanguka motoni, akauchoma mfupa, akaghani ubeti unaosema mtu asichonge runi kama hajui kuzisoma, kisha akachonga nyingine na kuziweka chini ya mto. Kukwangua huku si jambo la pembeni. Shairi la Sigrdrífumál linasema runi zilikwanguliwa zikachanganywa na pombe takatifu ya asali na kusambazwa kote. Aliyekulia pwani akaona kombe likiandikwa kwa zafarani sahanini, likaoshwa na kunywewa, hatahitaji kuelezwa mantiki yake.

Silabi moja moja: mpya, na si vibaya kuwa mpya

Njia hii ndiyo utakayokutana nayo kwanza popote. Unachukua runi moja, tuseme ya f, unataja jina lake fehu mara tatu, unavuta ffff, unapita fu fa fi fe fo, unageuza irabu zitangulie, unamalizia kwa kuvuta tena. Wengi huongeza mkao wa mwili unaoiga umbo la runi.

Imetoka wapi? Mwaka 1902 Guido von List, mwandishi wa Vienna, alifanyiwa upasuaji wa macho akakaa miezi kadhaa bila kuona. Alidai kwamba katika giza hilo alifunuliwa runi 18, akazifungamanisha na zile nyimbo 18 za Hávamál, na mwaka 1908 akachapisha kitabu. Runi zake si futhark ya kale ya 24 wala ile changa ya 16 iliyoifuata. Miaka ya 1920 na 1930 Friedrich Bernhard Marby na Siegfried Adolf Kummer huko Ujerumani wakaongeza mikao ya mwili na kuvuma kwa sauti. Mikondo hii ilijaa itikadi za ubora wa damu, ingawa hilo halikumwokoa Marby: Wanazi walimfunga kambini kwa miaka, Dachau ikiwamo. Baadaye, mwaka 1984, Mmarekani Stephen Flowers, akiandika kwa jina la Edred Thorsson, alitoa mwongozo uliohamishia mazoezi haya kwenye runi 24 na kuyasambaza duniani. Mwaka huohuo Flowers alipata udaktari wa falsafa Texas kwa utafiti juu ya runi na uganga. Huyu hakuwa mbabaishaji, alijua vyanzo. Ila mpangilio wa fu fa fi fe fo haumo katika vyanzo hivyo.

Watetezi wake wana hoja, na mimi siipuuzi. Mwaka 1840 wakata mboji huko Skåne, kusini mwa Uswidi, walitoa mfupa uliochongwa, unaoitwa hirizi ya Lindholm. Upande mmoja mchongaji anajitambulisha. Upande wa pili ni safu isiyosomeka kama maneno: a nane mfululizo, kisha z tatu, n kadhaa, halafu b m u ttt, na mwisho neno alu ambalo linaonekana mara nyingi kwenye hirizi za wakati huo. Nani angechonga a nane kama hakuzisikia mdomoni kwanza? Inawezekana. Inawezekana pia kila a ni mungu mmoja, au hesabu ndiyo yenye nguvu. Jiwe la Gummarp, lililoteketea katika moto wa Copenhagen mwaka 1728 likabaki kwenye michoro tu, lilisema kwamba mtu aliweka stafu (yaani herufi za runi) tatu, likamalizia kwa fff. Aliweka. Halikusema alivuma.

Jiwe la Gørlev huko Sjælland, Denmark, linanifurahisha zaidi. Lina safu hii: þmkiiissstttiiilll. Kwa macho ni upuuzi mtupu. Sasa chukua herufi ya kwanza ya kila kundi: þ, i, s, t, i, l. Kisha m na i-s-t-i-l. Kisha k na i-s-t-i-l. Yanatoka maneno matatu yanayogongana: mmea wa miiba, mmea unaoota juu ya mti mwingine, na kisanduku. Mchezo uleule unatokea katika apizo la mwanamke Busla ndani ya saga ya Bósi, ambako apizo lote linaghaniwa. Hapa kuna runi zinazoonekana kurudiarudia silabi, na kumbe ndani yake mna maneno kamili yanayotaka kutamkwa.

Kuna tatizo la koo pia ambalo miongozo huliruka. Sauti za f, s, z, m, n, l na r unaweza kuzivuta mpaka pumzi iishe. Sauti za t, k, p na b haziwezi kuvutwa. Zinapasuka na kwisha. Kwa hiyo katika njia ya silabi runi za namna hii hubebwa na irabu ulizoongeza mwenyewe, na unachokisikia kwa dakika nzima ni a na u, si runi. Tena majina yenyewe, fehu, uruz, þurisaz na wenzake, yamerejeshwa na wataalamu wa lugha kwa kulinganisha lugha za baadaye. Hakuna aliyeyaandika wakati yakitumika.

Baada ya yote hayo, bado ningempa njia hii mtu anayetaka kutuliza pumzi, anayejifunza kukumbuka runi kwa mpangilio, au mwimbaji anayetaka kupasha koo. Haina gharama, haihitaji lugha ngeni, unaifanya peke yako. Itaje kwa umri wake tu.

Wimbo wa kikundi

Greenland, wakati wa njaa. Þorkell, mwenye shamba huko Herjólfsnes, anamwalika mwaguzi Þorbjörg aseme dhiki itaisha lini. Saga ya Eiríkr Mwekundu inamweleza kama mtu anayemtazama kwa makini: joho lenye vito hadi pindoni, kofia ya ngozi nyeusi ya mwanakondoo yenye bitana la manyoya meupe ya paka, fimbo yenye kirungu cha shaba, glavu za ngozi ya paka. Analishwa uji wa maziwa ya mbuzi na mioyo ya kila aina ya mnyama aliyepo. Kesho yake anauliza nani anajua wimbo unaoitwa vardlokku. Hakuna. Guðríðr, msichana, anasema mama yake mlezi Halldís alimfundisha huko Iceland, lakini yeye ni Mkristo na hapendi kushiriki. Þorkell anamsihi, anakubali. Wanawake wanafanya duara kuzunguka jukwaa, Guðríðr anaimba, na waliokuwapo wanasema hawajawahi kusikia sauti nzuri namna ile. Mwaguzi anashukuru: mizimu mingi iliyokuwa ikigeuka kwenda zake imekuja kusikiliza. Njaa, anasema, haitadumu.

Hii ni seidi, kazi ya uaguzi. Sauti hapa haitoi amri kwa kitu. Inaita na kupendeza. Maneno ya wimbo hayakuandikwa, wala lahani yake. Na katika sura nzima hakuna runi hata moja. Vikundi vya leo vinavyopiga ngoma na kuvuma majina ya runi kwa pamoja vimeunganisha vyakula vya sahani mbili, na wapo wanaovifurahia. Mimi naona kila kimoja kinapoteza ladha.

Na kwa kuwa tumefika kwenye lahani: kila anayesema ana tuni halisi ya galdra ametunga tuni hiyo. Wanaoimba kwa kukoroma kooni hupenda kumtaja al-Tartushi, msafiri wa Andalusia aliyefika Hedeby, mji wa biashara wa Waviking, karne ya 10 na kusema hajasikia uimbaji mbaya kuliko wa watu wa pale, sauti ya koo kama mbwa wakibweka, tena zaidi. Alikuwa akilalamika. Kulalamika kwake hakutoshi kuwa darasa la muziki.

Mashairi ya runi, kwa ufupi

Yapo mashairi matatu yanayoeleza runi moja baada ya nyingine: la Uingereza lenye beti 29, la Norwei na la Iceland yenye 16 kila moja. Hayakutungwa kuwa uganga, yalisaidia kukumbuka. Lakini yanaghanika vizuri sana, na la Norwei lina vina vya mwisho: Fé veldr frænda rógi, føðisk ulfr í skógi. Mali huleta ugomvi wa ndugu. Mbwamwitu hukua mwituni. Kwa mwanzo rahisi, hapa.

Sasa uchague

Ukiwa mwandishi wa riwaya au mchezo wa kuigiza na unataka mganga wa Kinordiki anayeaminika, mpe beti na kisu. Asivume. Aseme maneno yanayotaja anachokitaka, kwa kurudia mstari wa mwisho ukiongezewa makali. Shairi la Skírnismál litakufaa kama darasa: mjumbe Skírnir anamtishia Gerðr, binti wa jitu, kwamba atamchongea runi ya jitu na stafu tatu zaidi, na kwamba anaweza kuzikwangua kama alivyozichonga ikibidi. Kitisho kizima kiko mdomoni.

Ukitaka kuzighani mwenyewe beti za asili, wewe Mswahili una faida ambayo wengine hawana: þ unayo katika thamani, ð unayo katika dhahabu, na r ya kutetemeka hufundishwi. Kitakachokusumbua ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kinordiki hukaza ya kwanza, na bila hivyo zile sauti za mwanzo wa maneno hazisikiki na ubeti unalala. Irabu y na ø nazo zitataka mazoezi ya midomo. Anza na ile mistari mitano ya kijiti cha Bergen. Ukitaka kutunga kwa Kiswahili, tunga. Waliochonga walitumia lugha ya nyumbani kwao.

Ukiwa Mwislamu au Mkristo unayeona haya yote ni ushirikina, mashairi ya runi yanasomeka kama fasihi bila kuingia popote pengine. Ujue tu kwamba mpaka huo kwa wenyewe haukuwa mkali hivyo: kijiti cha tiba kilichopatikana Ribe, Denmark, cha takriban mwaka 1300, kinaiomba ardhi na mbingu, jua na Mtakatifu Maria na Bwana Mungu, vimpe mganga mkono wa kutibu na ulimi wa kuponya.

Wenye kikundi na sauti nzuri wachukue vardlokku, waimbe bila runi, na watunge lahani wakikiri ni yao. Na aliye Ujerumani, chochote atakachochagua, achunguze alama anazoweka kwenye nguo na mabango: sheria ya huko inakataza kuonyesha hadharani nembo ya SS, kikosi cha Wanazi, yenye runi mbili za s, na maelezo ya mapenzi kwa mambo ya kale hayamfutii mtu kesi.